Kizunguzungu kiliisha, miguu ikabaki inayumba: uzoefu wangu na fizio wa mizani

Nina miaka 71, naandika kwa ajili ya wazee wenzangu wanaosumbuliwa na kizunguzungu, na watoto wao pia maana ndo wanaokesha kwenye simu kututafutia tiba. Ninachokiongelea hapa ni fiziotherapi (tiba ya mazoezi) ya mizani ya mwili, sio ile ya mgongo wala magoti, hii ni ya watu wanaoyumba kwa sababu ya sikio la ndani. Hao walionitibu nawapa nyota nne kati ya tano.

Changu kilikuwa kile cha kitandani, nikijigeuza upande wa kulia tu chumba chote kinazunguka, au nikiinua kichwa kutafuta kitu juu ya kabati, halafu baada ya muda mfupi kinatulia. Kingeishia hapo ningevumilia. Shida ni kwamba kikitulia siku nzima natembea kama niko kwenye boti, nashika ukuta, nashika kiti, nashika bega la mke wangu, na kugeuka ghafla mtu akiniita ndo kabisaa siwezi. Dawa za kizunguzungu nilizokuwa napewa ziliniletea usingizi na kuyumba kukazidi. Fizio, yaani mtaalamu wa hiyo tiba, alinieleza zile zinafaa siku za mwanzo kutuliza kichefuchefu, ila ukizimeza muda mrefu zinauchelewesha ubongo kuzoea hali mpya, akanirudisha kwa daktari tukazipunguza kwa utaratibu (usiache mwenyewe tu kwa sababu umesoma hapa tafadhali).

Siku ya kwanza maswali yalikuwa mengi mno. Masikio yanavuma? Unasikia sawasawa? Kitu kimoja unakiona viwili? Ulimi mzito? Shingo ina shida? Presha akapima nimelala, akapima tena nimesimama, maana kuna wazee ile namba ya juu ya presha inashuka 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama na hicho ni kizunguzungu kingine kabisa, hakina uhusiano na sikio. Na akasema wazi, mtu akipata kizunguzungu cha ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, maneno kukwama, mkono kulegea au kushindwa kabisa kusimama asiletwe kwake, akimbizwe emajensi maana hicho kinaweza kuwa kiharusi. Hapo nikamwamini.

Kipimo chenyewe sasa. Unakaa kitandani miguu imenyooka, anakigeuza kichwa nyuzi 45 upande mmoja, halafu anakulaza haraka kichwa kikining'inia kidogo nje ya kitanda huku amekishika kwa mikono miwili. "Mzee usifumbe macho, hata iweje usifumbe." Nilimng'ang'ania shati binti wa watu mpaka nikaona aibu baadae. Mke wangu alikuwa kasimama pembeni, akapiga kelele, "Baba watoto, macho yako yanacheza!" Kweli mboni zilikuwa zinarukaruka zenyewe, na hicho ndo fizio alikuwa anakitafuta, zinavyoruka zinamwonyesha tatizo liko sikio gani na mfereji upi.

Sababu ni kwamba ndani ya sikio kuna chembechembe za chokaa ambazo kila mtu anazo, uzeeni zinabanduka kirahisi zaidi zinaingia kwenye mifereji inayosoma mzunguko wa kichwa, basi ukigeuka zinabingirika na ubongo unaambiwa unazunguka wakati umelala zako. Tiba wala sio kidonge, ni kugeuzwageuzwa kichwa na mwili kwa hatua, kila mkao unatulia nusu dakika hivi au dakika, mpaka chembe zirudi zilikotoka. Wanaita Epley, jina la daktari Mmarekani aliyeibuni, John Epley. Wengine wanapona mara moja, mimi ilibidi nirudiwe tiba, na nimeshaambiwa kizunguzungu kinaweza kujirudia siku yoyote.

Ila watu wengi wanaishia hapo, wanasema nimepona, na kwa maoni yangu kazi kubwa ya huyu fizio ilianzia hapo. Chumba kiliacha kuzunguka lakini mimi niliendelea kuyumba! Mizani inategemea macho, sikio na hisia za nyayo, uzeeni vyote vitatu vinapungua, halafu ongeza woga, shingo umeikaza, hatua fupi fupi, macho chini muda wote. Alinipima kwa kiti na saa, unainuka, unatembea mita 3, unageuka, unarudi, unakaa, ukitumia sekunde 12 au zaidi uko kwenye hatari ya kuanguka. Nilizidisha, na muda mwingi uliliwa pale pa kugeuka.

Mazoezi yenyewe ukiyaona utacheka. Herufi moja kubwa inabandikwa ukutani, unaikazia macho huku unatikisa kichwa kulia kushoto, mwanzoni ile herufi ilikuwa inaruka huku na huku, siku hizi imetulia. Kusimama miguu imebanana, halafu kisigino mbele ya vidole, halafu juu ya godoro la sponji, yote kwenye kona ya chumba na kiti mbele yako ili ukienda upande wowote kuna cha kukupokea. Mwisho unatembea huku unageuza kichwa, hilo ndo gumu kuliko yote na ndo lililonirudishia kutembea. Kizunguzungu kidogo wakati wa mazoezi ni sawa kabisa, usikimbie, kikikaa muda mrefu baada ya kumaliza punguza kasi.

Fimbo yangu pia aliikagua, akaipunguza mpaka mshikio ukafika usawa wa kifundo cha mkono nikiwa nimevaa viatu, na ule mpira wa chini uliolika akasema ubadilishwe. Ndala laini akazipiga marufuku. Sasa ngazi napanda nimeshika reli, nje natembea kichwa juu, usiku lazima taa maana gizani macho hayasaidii kitu.

Nyota moja nimeikata kwa mambo mawili. Karatasi ya mazoezi wameandika herufi ndogo kama za mkataba, kwa wagonjwa wa umri wetu! Na baada ya Epley ya kwanza nilitakiwa kupisha kitanda haraka mwingine apande, wakati bado sakafu siielewi vizuri, mke wangu ndo aliyeomba kiti. Kwahiyo ukienda nenda na mtu, na siku hiyo gari aendeshe yeye.