Kumshtaki daktari kwa KMPDC: huduma ya malalamiko inakupa nini, inakunyima nini

Anayekwenda Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, akitarajia fidia atarudi mikono mitupu. Anayetaka madaktari wenye ujuzi wafungue faili, wamhoji aliyetibu na waamue kama alikiuka taratibu za kazi, hatapata mlango mwingine wa gharama ndogo kama huu. Mashtaka mengi ya uzembe wa kitabibu hufia mahakamani kwa sababu mlalamishi hakupata daktari wa kusimama kizimbani na kusema mwenzake alikosea. Baraza linaleta utaalamu huo lenyewe. Uamuzi wake haumfungi hakimu, lakini una uzito mkubwa mbele yake.

Malalamiko hupelekwa kwa maandishi. Kamati ya uchunguzi wa awali huyapima, hutaka majibu ya daktari na hospitali, na yenye uzito hufikishwa mbele ya kamati ya nidhamu na maadili. Adhabu huanzia onyo la maandishi, kurudishwa mafunzoni na kusimamishwa leseni, hadi kufutwa kwenye rejista. Hospitali nayo inaweza kuadhibiwa. Usiporidhika, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Barua nyingi hudhoofika kwa kueleza uchungu bila kueleza kosa. Mgonjwa kufa au kuumia hakutoshi kuthibitisha uzembe. Dawa ikimdhuru mtu ambaye hakuna aliyejua ana mzio nayo, hiyo ni bahati mbaya. Akichomwa penisilini ilhali jalada la faili lake limeandikwa kwamba haipatani naye, hilo ni kosa. Kwa hiyo andika kwa saa na tarehe: alifika lini, nani alimwona, aliambiwa nini, alipewa nini, hali ilibadilika saa ngapi. Onyesha pia jinsi kosa hilo lilivyoleta madhara, kwa maana hapo ndipo wakili wa hospitali atakapobana.

Faili ndiyo roho ya shauri, na lazima uipate kabla hujapeleka barua ya hasira. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mgonjwa haki ya kupata taarifa zake, na kanuni zake za 2021 zinataka ombi litimizwe ndani ya siku 7 bila malipo. Usiombe “ripoti” tu, maana utapewa ukurasa mmoja wa muhtasari. Taja kila karatasi: maandishi ya wauguzi ya kila zamu, chati ya dawa, matokeo ya maabara, picha zenyewe za eksirei au CT, fomu ya ridhaa, kumbukumbu za nusukaputi, na hesabu ya pamba na vifaa kabla ya kushona. Kwa mama aliyejifungua, dai chati ya uchungu. Mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa humo kila nusu saa, na pengo la saa tatu kwenye chati hiyo lina nguvu kuliko mashahidi kumi wa ukoo.

Fomu ya ridhaa huwatisha watu bure. Saini yako haimpi daktari ruhusa ya kuzembea. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka aeleze hali yako, njia za matibabu, hatari zake na gharama. Ukitia saini utolewe uvimbe, kisha ukaamka bila kizazi wala maelezo kwamba ilikuwa ni kuokoa maisha, hapo una la kuuliza.

Mgonjwa akifariki, upasuaji wa maiti ufanyike kabla ya mazishi, na familia ina sababu nzuri ya kuweka daktari wake ashuhudie. Hili ni gumu sana kwa jamaa wa Pwani wanaozika siku hiyohiyo, na linastahili kujadiliwa mapema na wazee. Ila kufukua baadaye kunahitaji amri ya mahakama, na mwili hausubiri.

Sasa kasoro, na ya kwanza ndiyo inayotuuma zaidi. Kulalamika kwa Baraza hakusimamishi saa ya mahakama. Dhidi ya hospitali ya kibinafsi una miaka 3 kufungua kesi. Dhidi ya hospitali ya serikali ihesabu miezi 12 tu. Familia inayosubiri uamuzi wa kamati kwa subira inaweza kuupata mkononi ilhali mlango wa fidia umeshafungwa. Mahakama huweza kuongeza muda kwa aliyekuwa hajui mambo ya msingi, lakini usijenge juu ya hilo. Zianze njia zote mbili kwa pamoja.

Kasoro ya pili: Baraza halimgusi kila aliyevaa koti jeupe. Wauguzi wana baraza lao, maafisa wa kliniki lao, na wafamasia wako chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Usiku wa wodi ya wazazi huenda hakuna daktari aliyemgusa mama. Ukiwa na majina ya watu wa fani tatu, andika barua tatu. Jina la daktari lithibitishe kwanza kwenye rejista iliyo katika tovuti ya KMPDC. Jina lisipoonekana humo, hilo peke yake ni lalamiko.

Fidia yenyewe hudaiwa mahakamani: hadi shilingi milioni 20 kwa hakimu mkuu, zaidi ya hapo Mahakama Kuu. Wakili akikuambia hatakudai kitu mpaka mshinde, kisha achukue fungu lake, mwache. Sheria ya Mawakili haitambui makubaliano ya namna hiyo.