Makumbusho ya Kasri, Forodhani: Sanaa ya Kiarabu Ndani ya Nyumba ya Kuishi

Anayeingia Makumbusho ya Kasri pale Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, akitarajia kukuta hazina za dhahabu na vito atatoka amevunjika moyo. Anayeingia akitaka kufahamu namna ukoo mmoja wa Kiarabu kutoka Omani ulivyoishi, ulivyopamba vyumba vyake na ulivyobadilika ukiwa katika pwani ya Waswahili, huyo atatoka ameshiba. Nalisema hili mapema kwa sababu wageni wengi, na hata sisi wenyeji tunaopita mbele ya jengo hilo jioni tukielekea bustanini, hulipima Kasri kwa kipimo cha majumba makubwa ya Cairo na Doha, ambako vyombo vya sanaa ya Kiarabu na ya Kiislamu vimekusanywa kutoka nchi nyingi na kupangwa karne kwa karne. Kasri la Forodhani halikujengwa kwa ajili ya maonyesho. Lilikuwa nyumba ya kulala, kula, kupokea wageni na kulea watoto, na thamani yake yote inatokana na hilo.

Jina lake la zamani ni Beit al-Sahel. Kasri la kwanza mahali hapo lilisimamishwa na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, katika zama zake za mwanzo hapa Unguja, lakini silo tunaloliona leo. Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Sayyid Khalid bin Barghash kujitawaza bila ridhaa ya Waingereza na kukataa kushuka, manowari za Uingereza ziliyapiga mizinga majumba ya ufukweni kwa muda usiofika saa moja, na Beit al-Hukm iliyokuwa jirani haikusimama tena. Jengo jeupe la sasa liliinuliwa mwishoni mwa karne hiyo ya 19, wafalme wakakaa humo mpaka Mapinduzi ya 12 Januari 1964, kisha likatumika kwa shughuli za serikali, na mwaka 1994 likafunguliwa kuwa makumbusho. Mgeni akiijua historia hiyo hatashangaa kuona kwamba nyumba inazungumza kwa kirefu zaidi juu ya vizazi vya mwisho kuliko juu ya mwasisi wake.

Maonyesho yamepangwa kwa kufuata miaka, kutoka chini kwenda juu. Sehemu ya mwanzo inahusu miaka ya 1828 hadi 1870, na mhimili wake ni biashara: mikataba ambayo Sayyid Said alitia saini na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Wengi huipita sehemu hii mbio, kwa kuwa karatasi haivuti macho kama kiti cha enzi. Mtembezaji aliyetuongoza, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, alimwambia mama mmoja aliyekwisha kuzielekea ngazi: “Bi mkubwa, tusiharakishe. Utajiri utakaouona juu umetokea hapa chini.” Maneno yake ni ya kweli kabisa. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said, Al-Sultanah, iliingia bandari ya New York ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman na shehena ya tende, kahawa, karafuu na pembe za ndovu. Safari kama hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini katika nyumba ya Mwarabu wa Zanzibar palionekana vitu vya Ulaya, vya India na vya Uchina vikikaa pamoja bila kugombana.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mzuru alitie akilini kabla ya kupanda juu. Tunaposema sanaa ya Kiarabu katika visiwa hivi, hatusemi kitu kilichofika kimekamilika kutoka Maskati. Watawala hawa walikuwa Waibadhi, Waislamu wa dhehebu la Ibadhi, na dhehebu hilo limezoea kutojionyesha: misikiti yao ya zamani ni myeupe, haina mapambo mengi, na mingi haina minara. Ukiingia vyumba vya Kasri ukiwa na picha hiyo kichwani, utaona mara moja ni wapi ladha ya Omani imebaki na ni wapi imepisha ladha nyingine. Kuta nene, madirisha marefu yanayoukaribisha upepo wa bahari, vyumba virefu na vyembamba vilivyofuata urefu wa boriti, hayo ni ya pwani yetu na ya Uarabuni kwa pamoja. Meza ndefu za karamu na viti vya heshima vya sehemu inayofuata, inayohusu miaka ya 1870 hadi 1896, vinasimulia habari nyingine: mfalme aliyekuwa akipokea mabalozi kwa adabu za Ulaya, huku kahawa ikimiminwa kutoka kwenye dele na mrashi wa marashi ukipitishwa mkononi mwa kila mgeni kabla hajaondoka.

Kipindi hicho ni hasa cha Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, na mtu yeyote anayejali utamaduni wa Zanzibar atakawia hapo. Alizuru Uingereza mwaka 1875, akaleta maji ya mabomba mjini, akaanzisha matbaa iliyopiga chapa vitabu vya dini vya Kiibadhi, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib hatua chache tu kutoka hapo. Inasimuliwa pia kwamba aliwaalika wanamuziki kutoka Misri na kumpeleka Mohammed Ibrahim huko Cairo kujifunza kupiga kanuni, ile ala ya muziki yenye nyuzi, na kutokana na hayo taarab ikaota mizizi kasrini kabla haijateremka mitaani, ambako kikundi cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905. Nikiwa nimesimama mbele ya viti hivyo vya karamu nilitamani sana kuisikia kanuni, kwa sababu muziki ulikuwa sehemu ya samani za chumba kile sawasawa na meza na mazulia, na naamini sauti ingewasaidia wazuru kuliko maandishi yoyote.

Picha za wafalme zilizotundikwa ukutani zinastahili kutazamwa kwa utulivu, moja baada ya moja. Uchoraji wa sura haukuwa desturi ya kale ya Waarabu wa Omani. Hapa umeingia kwa njia ya Wazungu, na hata hivyo mavazi hayakubadilishwa ili kumpendeza mchoraji. Joho, kilemba na jambia kiunoni vinabaki kama vilivyo, na ni katika mavazi hayo, si katika uso, ndimo utakamoiona sanaa ya Omani waziwazi: ushonaji wa nyuzi za dhahabu kwenye ukingo wa joho, na kazi ya fedha kwenye ala na mpini wa jambia.

Kuhusu useremala nitasema machache zaidi, kwa kuwa ndio sanaa ambayo Zanzibar imeipa sura yake yenyewe. Mtu asiishie kutazama samani. Aitazame pia milango, ya Kasri na ya nyumba za jirani. Milango ya Kiarabu ya zamani ina kizingiti cha juu kilichonyooka na nakshi iliyotulia. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 yakaingia matao ya nusu duara na majani yanayojikunja, kwa mikono na ladha ya mafundi wa Kihindi. Aya ya Qur'ani hukaa juu, minyororo hushuka kwenye miimo, maua huupanda mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, na samaki huonekana karibu na sakafu. Ukisha kuuzoea mpangilio huo utautambua pia katika vitanda vya samadari na katika makasha ya njumu ambayo bado yamo katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe, na utafahamu kwamba mchongaji hakuwa akijaza nafasi tupu bali alijua kila alama inakaa wapi.

Chumba kilichonigusa zaidi ni cha Sayyida Salme binti Said. Alizaliwa mwaka 1844 huko Beit al-Mtoni, mama yake akiwa Jilfidan, mwanamke wa Kisirkasi aliyefikishwa Unguja akiwa mtumwa. Watoto wa kike wa kasri walifundishwa kusoma lakini si kuandika, naye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka kisiwani, mwaka uliofuata akabatizwa mjini Aden na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, na akaitwa Emily. Mumewe alifariki mwaka 1870, na mwaka 1886 kumbukumbu za Salme zikachapishwa kwa Kijerumani. Alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya uamuzi wa binti huyu, na wazee wetu wana maoni makali, lakini bila kalamu yake tusingejua jinsi wanawake wa majumba haya walivyovaa, walivyogawana vyumba, walivyotengeneza manukato na walivyosherehekea Idi. Ninaloliheshimu katika chumba hiki ni kwamba kinamtendea kama shahidi na si kama kashfa. Mwenye binti wa umri wa shule ampeleke, amsimamishe hapo, na amsimulie habari ya ule mfupa.

Vyumba vya juu vinamhusu Sayyid Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960, na humo wazuru wengi hucheka wanapoona samani za fomaika, ile plastiki ngumu inayobandikwa juu ya mbao, kando ya mbao zilizochongwa. Kwangu mimi samani zile zina uzito wake. Katikati ya karne ya 20 fomaika ilikuwa kitu kipya na cha fahari, na mfalme mzee aliyeiweka chumbani mwake alikuwa akifanya lile lile lililofanywa na babu zake walipoagiza saa na vioo kutoka Ulaya: kuchukua kilicho bora cha wakati wake na kukitia katika nyumba ya Kiarabu. Kuondoa fomaika ili chumba kionekane cha kale zaidi kungekuwa ni kuidanganya historia, na nashukuru kwamba haikuondolewa.

Lipo jambo ambalo mtazamaji mwaminifu hawezi kuliacha mlangoni. Utajiri uliolipia meza zile ulitoka kwenye karafuu na pembe, na karafuu zilipandwa na kuchumwa na watumwa mpaka soko lao lilipofungwa mwaka 1873 na, kwa wengi waliobaki mashambani, hata baada ya hapo. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa wa zao hilo. Natoka katika familia ya wachumaji wa karafuu, na sioni kwamba kulijua hilo kunapunguza uzuri wa nakshi. Kunaongeza idadi ya mikono ninayoiona nyuma yake. Anayewatembeza vijana katika Kasri awaambie habari hii wakiwa ndani, mbele ya vitu vyenyewe, asiihifadhi kwa somo la siku nyingine.

Makaburi ya Makusurani, yaliyo pembeni mwa Kasri, ni ya kutazamwa baada ya vyumba, si kabla. Hapo wamezikwa Sayyid Said, aliyefariki baharini mwaka 1856, na baadhi ya watawala waliomfuata. Baada ya viti vya enzi na mazulia, unyenyekevu wa makaburi hayo unakurudisha kwenye ule Uibadhi nilioutaja, na hapo ndipo unapoona kwamba anasa ya ndani na ukavu wa nje ni mambo ya watu wale wale.

Kwa upande wa maandalizi, nashauri mgeni achukue mtembezaji anayejua kueleza na awe tayari kumpa muda; asubuhi ni bora, maana mwanga unaoingia kutoka baharini huonyesha nakshi vizuri na umati bado ni mdogo. Aulizie kwanza kama pako wazi, kwa sababu majengo ya ukanda huu wa pwani ni ya zamani na yanahitaji matengenezo ya mara kwa mara. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na tangu hapo hakuna anayezichukulia kuta hizi kuwa ni za milele. Avae mavazi ya heshima, kwa kuwa anapita makaburini.

Mwenye nafasi ya siku nzima asiishie Forodhani. Apite Hamamni, kwenye hamamu ya umma iliyojengwa kwa amri ya Sayyid Barghash, halafu apande gari hadi Kidichi, nje ya mji, kwenye hamamu ambayo Sayyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi. Humo ndani kuta zimefinyangwa kwa chokaa maua, mitende na ndege kwa mtindo wa Kiajemi, mapambo ambayo hutayaona Kasrini, na ukiyatazama siku ile ile utaweza kulinganisha kwa macho yako ladha ya Omani na ladha ya Uajemi zilivyokaa katika familia moja.