Nimefunga dropa (posti ya siti inayoshuka na kupanda) kwenye MTB yangu, yaani baiskeli ya milimani, miezi mitano sasa: uzoefu wangu

Kilichonifanya ninunue ni ule mteremko wa Olmotonyi. Wanaoendesha Arusha wanaujua, unatoka juu kwenye mipaina huko unashuka kuelekea Ngaramtoni, mizizi kila mahali. Zamani nikifika juu nasimama, nalegeza siti naishusha, nikifika chini naipandisha, na kila nikipandisha inakaa sehemu tofauti, goti linauma wiki nzima. Sa kuna siku nikaona uvivu nikashuka hivyo hivyo siti ikiwa juu, gurudumu la mbele likadaka mzizi, nikataka kurudi nyuma siti ikanigomea, ikanisukuma kiuno nikapita juu ya usukani kama gunia. Hapo ndo nikasema basi, hela itoke.

Kwa asiyeijua, dropa ni siti posti, ile nguzo inayobeba siti, ila hii inashuka na kupanda. Unabonyeza kileva kwa kidole gumba huku umekaa, siti inazama kwa uzito wako, ukiachia leva inabaki hapo hapo. Ukinyanyuka ukabonyeza tena inarudi juu yenyewe, na inarudi palepale pa kukanyagia. Mi hilo la mwisho ndo limeniponya goti.

Nilipata ya laki nne na nusu, jamaa alikuwa anakuja toka Ujerumani akanibebea. Sio ya jina kubwa. Ila jamani kabla hujatuma hela PIMA, maana kurudisha Ulaya ndo imetoka hiyo. Mtu alishaniambia baiskeli kama yangu zote unene wa posti ni milimita 31.6, nikakaribia kuagiza. Bahati nikachomoa ile ya zamani nikaifuta matope kwa mafuta ya taa, chini kabisa imeandikwa 30.9. Milimita 0.7 tu lakini haiingii hata umuombee dua. Nilipomhadithia fundi wangu akasema ungeleta tu kaka, tungepiga msasa. Msasa! Kwenye laki nne na nusu!

Kipimo cha pili ni inashuka kiasi gani. Pima toka kola ya fremu (pete inayobana posti) mpaka kwenye vyuma vya siti ukiwa kwenye urefu wako wa kukanyagia. Yangu ilikuwa milimita 215. Dropa ya kushuka 150 ukijumlisha kichwa chake na shingo kama 50 hivi unapata 200, inakaa vizuri na kanafasi kanabaki. Ningekuwa na tamaa ya 170 ningepata 220, siti inakuwa juu kuliko mguu wangu, nichezeshe nyonga kila nikikanyaga.

Cha tatu ndo kilichonitoa jasho, kina cha bomba la siti, lile la fremu posti inamozama. Dropa ni ndefu, inazama sana ndani kuliko posti ya kawaida. Nimesukuma inaenda vizuri afu tok, inagonga kitu. Nikachomoa, nikasukuma tena, tok. Nikamulika na tochi ya simu ndani ya bomba, kumbe ni ncha ya skrubu ya kishikio cha chupa! Tulishaweka skrubu ndefu siku za nyuma maana ndo zilizokuwepo, imechomoza ndani karibu nusu sentimita. Nikaweka fupi, ikapita. Kale kamkwaruzo kwenye posti mpya kapo mpaka leo, bahati kako sehemu inayozama haionekani.

Kupitisha kebo ndani ya fremu nusu saa. Nilitanguliza waya wa zamani wa gia kupitia tundu la mbele mpaka ukatokea juu kwenye siti, afu nikavisha ganda la kebo juu yake likaufuata. Ukishaunganisha usisukume posti peke yako, ganda litajikunja huko chini kwenye krenki, pale pedali zinapofungwa. Mi nilikuwa nasukuma taratibu, mwanangu wa darasa la tano anavuta mbele, "vuta, acha, vuta kidogo". Leva imekaa kushoto, baiskeli yangu mbele ina sprokete moja, haina leva ya gia za mbele, kwahiyo upande ule ulikuwa mtupu.

Wiki ya kwanza nikajuta. Siti inapanda kama mzee anayetoka kwenye kochi, nikajua nimeuziwa mbovu, nikaanza kumtukana jamaa wa watu kimoyomoyo. Kumbe fundi alikaza ile kola ya siti mpaka ikalia, bomba likaminya dropa. Nikalegeza nusu mzunguko, ikapanda paap! Kaza ile tu isizunguke wala kuzama, spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) ukiwa nayo weka newtoni-mita 5 au 6 inatosha.

Fundi mwenyewe alikuwa anaiponda, ooh hii ya wasiojua kuendesha. Nikamwambia Matej Mohorič, mwendesha baiskeli wa Slovenia, 2022 kashinda Milan–San Remo, mbio za barabarani, na dropa kwenye baiskeli, kawaacha watu kwenye mteremko wa Poggio. Hakuniamini mpaka nikamuonyesha video. Siku hizi nikipeleka baiskeli kwake anaanza kuibonyeza kwanza.

Mabaya yapo. Uzito, nimepima kwenye mzani wa sukari dukani, ya zamani gramu 290, hii 640 bila leva. Siti ina kamchezo kadogo kushoto kulia, ukikaa huisikii. Na vumbi letu la Arusha ni baya, nikirudi nafuta shingo ya posti kwa kitambaa kila mara, nikisahau inaanza kukwaruza. Ila mteremko ule sasa nashuka bila kusimama, na sijapita tena juu ya usukani.

Posti ya zamani ipo, 30.9, natoa kwa elfu kumi na tano. Haijapigwa msasa.