Nyumba za Kupanga za Jiji la Vienna: Huduma Njema Yenye Mlango Mwembamba

Penye uhaba wa nyumba za kupanga zenye kodi nafuu, dawa inayotajwa kwanza ni kuwawekea wenye nyumba kikomo cha kodi. Kikomo humwokoa aliyekwisha kuingia, lakini hakiongezi hata chumba kimoja. Tena Berlin, iliyoweka cha kwake mwaka 2020, ilikipoteza mwaka uliofuata, Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilipokibatilisha. Ndiyo maana naipa uzito zaidi huduma ya Vienna, Austria, ambako jiji lenyewe ndilo mwenye nyumba, likipangisha makazi yapatayo 220,000.

Sifa yake kuu ni mkataba. Mpangaji hupewa mkataba usio na tarehe ya mwisho, na kipato chake kikipanda baadaye halazimiki kuhama. Na kwa kuwa kiwango cha kipato kinachoruhusiwa wakati wa kuomba kimewekwa juu, mwalimu na fundi hupanda ngazi moja na mstaafu. Hili naliona kubwa kuliko hata unafuu wa kodi, kwani nyumba za umma zikiachiwa maskini peke yao, ni rahisi matengenezo yake kusahauliwa.

Ujenzi nao haukufanywa kwa ubahili. Karl-Marx-Hof, jengo lililofunguliwa mwaka 1930 na lenye urefu unaozidi kilomita moja, lilipewa mabafu, vyumba vya kufulia, chekechea na maktaba, na sehemu kubwa ya kiwanja ikaachwa kuwa bustani. Fedha zilitokana na ushuru wa nyumba ulioanzishwa mwaka 1923, ambao uliwabana zaidi wenye makazi ya kifahari.

Kasoro iko mlangoni. Mwombaji hutakiwa kwanza awe ameishi jijini kwa miaka 2, kwa hiyo mgeni, ambaye mara nyingi ndiye mwenye shida kubwa, huangukia soko la watu binafsi na mikataba yake ya muda mfupi. Jiji pia lilikosea, kwa maoni yangu, lilipoacha kujenga lenyewe mwaka 2004. Lilitangaza kurejea mwaka 2015, ingawa katikati vyama vya nyumba vyenye faida ndogo, ambavyo kisheria hutoza kodi kulingana na gharama, viliendelea kujenga.

Naipendekeza huduma hii kwa jiji lolote, ila lianze na ardhi: Vienna ina mfuko wake wa kununua viwanja tangu mwaka 1984.