Uzoefu wangu na albamu ya John Coltrane, "Evenings at the Village Gate"

Albamu hii ya John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani, iliyotolewa na kampuni ya muziki ya Impulse! mwezi Julai 2023, ina kasoro ambayo msikilizaji ataigundua mapema sana: dramu za Elvin Jones zimetawala mbele, piano ya McCoy Tyner imebaki nyuma, na besi mara nyingi inabidi uitafute kwa sikio. Niliinunua kwa CD nikiwa na habari hiyo, na baada ya kuisikiliza mara nyingi naipendekeza, ingawa si kwa kila mtu.

Chanzo cha kasoro hiyo kinaeleweka. Agosti 1961, fundi mitambo Rich Alderson alikuwa akiujaribu mfumo mpya wa sauti katika klabu ya Village Gate, mtaa wa Greenwich Village, New York, na kwa jaribio hilo alirekodi kwa maikrofoni moja tu iliyoning'inizwa juu ya jukwaa. Hakukuwa na mpango wa kutengeneza albamu. Tepu zake zilikaa miaka mingi bila kujulikana zilipo, hadi zilipogunduliwa katika maktaba ya umma ya New York. Kwa kuwa ala zote ziliingia kupitia maikrofoni ileile, si rahisi kwa fundi kuipandisha piano peke yake bila kupandisha na dramu. Kilichofanyika ni kuusafisha mkanda, na kazi hiyo imefanywa kwa uangalifu.

Kilichonifanya niirudie albamu ni Eric Dolphy, mpiga ala za kupuliza aliyepiga pamoja na Coltrane. Kundi lile lenye Coltrane na Dolphy pamoja halikudumu, na Dolphy mwenyewe alifariki Berlin mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 36, kwa hiyo kila dakika ya ziada ya wawili hao ina uzito wake. Katika "When Lights Are Low", wimbo wa Benny Carter ambao wengi huupiga kwa upole, Dolphy anashika klarineti ya besi na kuruka kutoka sauti za chini kabisa hadi za juu bila kuonya, ilhali mahadhi ya wimbo bado unayasikia vizuri. Mwaka 1961 mhakiki mmoja wa jarida la jazi la Down Beat aliandika kwamba wawili hao walikuwa wakipiga muziki unaopingana na jazi yenyewe. Ukisikiliza wimbo huu utashangaa mhakiki huyo alikuwa akisikiliza nini. Filimbi ya Dolphy katika "My Favorite Things" nayo ni nzuri, lakini wimbo huo una rekodi nyingi nyingine za Coltrane, na hali ni karibu hiyohiyo kwa "Greensleeves". "Impressions" ndio mfupi kuliko yote, na unakwenda kasi.

Hazina yenyewe ni "Africa", wa mwisho, unaopita dakika 22. Coltrane alikuwa ametoka kuurekodi studio miezi michache kabla, akiwa na kundi kubwa la ala za kupuliza, na hii ndiyo rekodi pekee ya jukwaani inayojulikana. Jina lake halikuwa pambo: alieleza kwamba alikuwa na santuri ya muziki wa Kiafrika nyumbani, akachukua sehemu ya mapigo yake na kuwapa wapiga besi. Hapa wanamuziki ni sita tu, wawili kati yao wakiwa wapiga besi, Reggie Workman na Art Davis. Sehemu ya besi mbili inahitaji hedifoni nzuri. Kwa spika ya simu hutasikia chochote zaidi ya mngurumo. Zamu ya Elvin Jones inapofika, ile maikrofoni ya juu iliyowaonea wenzake inageuka kuwa neema, kwa sababu unasikia mpaka vijiti vinavyogusa matoazi. Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi, tuliozoea kusubiri chemko, ile sehemu wimbo unapochangamka, tutaipata hapa, ila inataka subira.

Kijitabu kinachokuja na CD kina maelezo ya Alderson na Workman wenyewe, na kwa ajili hiyo tu naona ni heri kununua nakala halisi kuliko kusikiliza kwa intaneti, ambako mara nyingi maelezo hayo huyapati. Kwa asiyemjua Coltrane kabisa, ningemshauri aanze na "My Favorite Things" ya studio ya mwaka 1961, ambayo sauti yake ni safi na ala zote zina nafasi, ndipo aje huku. Aliye na rekodi za Village Vanguard, klabu nyingine ya New York, za Novemba mwaka huohuo atakuta hapa kundi lilelile likiwa bado linajipanga, na anaweza kwenda moja kwa moja kwenye "When Lights Are Low" na "Africa".