Tembe la Kwihara, Tabora: nendeni, ila mwongozaji tafuteni mwingine

Huyu mwongozaji tuliyepewa na kampuni moja ya mjini nimeona anasifiwa sana. Mimi nampa nyota moja, na hiyo ni ya dereva.

Tulisimama uani, pale kati ambapo vyumba vyote vinatazamana. Akaeleza vizuri tu: Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, walifika hapa kutoka Ujiji mwaka 1872, Stanley akaondoka Machi, mzee Livingstone akabaki akisubiri watu na vifaa mpaka Agosti. Halafu akamalizia, "Akaenda akafa, mwili ukapelekwa Uingereza."

Ukapelekwa na nani? Nikamuuliza habari za Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Akatazama saa. "Dada, hao walikuwa wapagazi tu. Wageni hawawaulizii."

Wapagazi tu! Unamwambia hivyo Mnyamwezi, ambaye mababu zake walisifika kwa upagazi, tena Tabora? Hao wapagazi tu, na wenzao, ndio waliozika moyo wa mzee kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873, wakaupaka mwili chumvi, wakaukausha juani, wakaubeba mpaka hapa hapa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora. Mwingereza Cameron, msafiri aliyetumwa kumsaidia Livingstone, aliwakuta, akawashauri wamzike huku huku. Wakakataa! Wakaendelea na safari hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Na mzee alipozikwa Westminster Abbey, kanisa kubwa la London, Aprili ile, Susi na Chuma hawakuwepo. Walifikishwa Uingereza mazishi yameshapita. Hadithi yote hiyo imepita kwenye nyumba hii, na mtu anayelipwa kuisimulia anaangalia saa.

Nilitaka kuandika msiende kabisa. Lakini nyumba imekosa nini? Limejengwa upya karne iliyopita, sawa, ila ni tembe hasa: kuta nene za udongo, paa bapa la udongo juu ya miti, mlango wa nakshi unaokuonyesha mara moja kwamba wenyewe walikuwa watu wa pwani, waliofuata pembe na watumwa huku bara. Nje jua la Tabora linachoma; ukiingia chumbani, ubaridi. Nilikaa humo ndani peke yangu mpaka nikaitwa kwa honi. Kwa honi, jamani!

Basi nendeni. Kwihara si mbali na mjini, hata bodaboda inafika, na kwa kweli ningerudi hata kesho. Mwenye kampuni nimeshampigia, akaniahidi punguzo safari ijayo. Punguzo la nini? Nilichomwomba ni mgeni anayefuata atajiwe Susi na Chuma kabla hajatolewa uani.