Ural 6x6 ya skeli 1/16, nimeiunga wiki tatu, haya ndo niliyoyaona

Kwanza niseme wazi, hii sio gari ya kumnunulia mtoto afungue boksi aendeshe jioni hiyohiyo. Ni seti ya kujiungia mwenyewe gari ya rimoti, mfano mdogo wa Ural, lori la jeshi la Kirusi la matairi sita, lililopunguzwa mara 16, imetoka China, inakuja kwenye vifuko: chasisi, ekseli tatu, giaboksi, springi, kabini, na skrubu ndogo kama mbegu za mchicha. Rimoti, servo (kimota cha kukatisha kona), betri, chaja na spidi kontrola (inayopunguza na kuongeza mwendo wa mota) unatafuta mwenyewe pembeni. Mpaka inatembea ilishanitoka kama laki tatu na ishirini na usafiri ndani yake, na kabini ilifika kioo kimoja cha pembeni kimevunjika, nimekiunga na supagluu.

Nimechagua Ural kwa sababu ya bamdogo wangu. Ural-375D ndo gari iliyokuwa inabeba BM-21, ile mitambo yenye mirija 40 ya roketi za milimita 122, na kwenye vita vya Kagera watu wakaibatiza jina saba saba. Bamdogo alikuwa dereva wa jeshi kipindi hicho chote, kuanzia mwishoni mwa 1978 mpaka Kampala inaanguka April 1979, na sisi tumekua tunasikia habari za hizo gari kila akija nyumbani. Sasa nilipoona kuna ya kuunga sikujiuliza mara mbili.

Uzuri wa hii seti uko chini. Kabini utaiangalia siku mbili utaizoea, lakini chini, aisee, wamejitahidi sana. Springi ni za bapa kwelikweli kama za lori, zinapinda, na zile mbili za nyuma zinacheza pamoja, tairi la kati likipanda jiwe, la nyuma linashuka. Halafu kuna kitu sikuwahi kukielewa mpaka nilipokishika mkononi, kwenye Ural ekseli ya kati inapitisha moto kwenda ya nyuma, yaani propela shafti inaingia difu ya kati inatokea upande wa pili inaenda difu ya mwisho, hamna shafti mbili zinazopita sambamba kama kwenye malori mengine ya zamani. Kwenye hii ndogo wamefanya vilevile. Nilikaa usiku mmoja nazungusha shafti kwa vidole tu naangalia matairi sita yote yanavyoitika.

Na hapohapo ndo nilipokwama. Karatasi ya maelekezo ina picha ndogo, maandishi hamna, na ile gia kubwa ya difu inaingia pande zote mbili bila shida, hakuna alama yoyote ya kukuambia kulia au kushoto. Nikafunga zote tatu, nikaweka grisi, nikakaza, nikaja kuwasha ekseli ya nyuma inarudi nyuma wakati mbili za mbele zinaenda mbele. Gari imesimama inatetemeka tu. Nikafungua yote tena, skrubu karibu arobaini, na kwa kuwa skrubu zinaingia moja kwa moja kwenye plastiki, ukifunga na kufungua ovyo tundu linakuwa bwege halikazi tena. Kwahiyo ukinunua, kabla hujafunga difu hata moja zungusha kwa mkono uone tairi zote zinaenda upande mmoja. Na skrubu iingize taratibu, irudishe nusu mzunguko, iingize tena, ikifika mwisho iache, usiikaze kama ya pikipiki.

Gia za plastiki ndo udhaifu wake mkubwa. Kwenye lami na sebuleni zinatosha, ila mimi nipo Mwanza, mawe yapo kila kona, na siku ya tatu tu juu ya mawe gia ya ekseli ya mbele ikaliwa meno mawili. Nimebadilisha zote za ekseli nikaweka za chuma, ongeza kama elfu arobaini hapo, na kuanzia hapo haijanisumbua. Mota yake ndogo inachemka ukiipeleka kwenye mchanga wa ufukweni, dakika 15 uipumzishe, ukiigusa ikikuchoma umechelewa. Betri ninayotumia ni lipo ya seli mbili, volti 7.4, inanipa kama nusu saa ya kutembea polepole, na polepole ndo inavyotakiwa, lori la jeshi likikimbia kama kipanya linapoteza sura yote.

Mbele ilikuwa nyepesi sana, ikipanda inainua pua. Dawa nimeipata soko la samaki la Mwaloni Kirumba, chubwi za wavuvi, nimepanga nne juu ya ekseli ya mbele na kuzifunga kwa waya, sasa inapanda jiwe kama imelibeba jiwe lenyewe. Sema kukata kona bado ni kazi, difu zimefungwa zote, tairi la kulia na la kushoto yanazunguka sawasawa hata kwenye kona, kwahiyo inahitaji nafasi kubwa kugeuka.

Vipimo nilivichunguza maana mimi napenda kitu kifanane. Ural-375D halisi ina urefu wa kama mita 7.35, ukigawa kwa 16 unapata sentimita 46 hivi, na hii yangu imefika hapo kabisa. Matairi ndo hayajafika, yale halisi ni 14.00-20, kwa skeli hii yalitakiwa yawe karibu milimita 79 na haya yana 70 tu, gari inaonekana imechuchumaa kidogo. Nitatafuta makubwa. Rangi iliyokuja nayo ni kijani inayong'aa kama beseni, nimepiga msasa, nikapuliza praima nyembamba halafu kijani ya jeshi isiyong'aa. Turubai la seti nimelitupa, nimeshona la bitana nikalichemsha na majani ya chai, limetoa rangi ya vumbi ambayo hamna rangi ya kopo inaweza.

Niliongeza na kispika cha sauti ya injini. Bamdogo alipokuja wiki iliyopita nikaiweka chini uani, nikaiwasha, akaitazama muda mrefu bila kusema kitu, akainama akabonyeza springi ya nyuma kwa kidole, ikashuka ikarudi. Halafu akasema, "Hii sauti ya dizeli. Yetu ilikuwa ya petroli, mwanangu." Na kweli, 375 ina V8 ya petroli ya lita 7, nguvu za farasi 180, ilikuwa inakula karibu lita 50 kwa kilomita 100, ya dizeli ni Ural-4320 iliyoanza kutoka kiwandani Miass 1977. Kispika nimekizima. Akaomba rimoti, akaipeleka mpaka kwenye mwembe na kuirudisha, gia ndogo muda wote, kabla ya kila jiwe anasimama kwanza.

Kama unapenda kuunga na una subira, nunua, na utenge hela ya gia za chuma tangu mwanzo. Kama unataka kuendesha tu tafuta iliyoungwa tayari. Mimi saizi nipo kwenye mtambo wa nyuma, safu nne za mirija kumi kumi. Mrija wa milimita 122 kwa 1/16 unakuwa milimita 7.6, na ile mirija minene ya juisi ya parachichi ina milimita 8, urefu unatosha kabisa. Nina 26, bado 14.